Pete Imeingia Kwenye Sinki: Funga Mfereji Kwanza

Mimi ni fundi wa mabomba, na simu za namna hii hunifikia zikiwa zimechelewa. Mama wa nyumba alikuwa akikanda unga wa mahamri, akaenda kunawa mikono ina mafuta na sabuni, pete ikateleza ikaingia tunduni. Kabla hajanitafuta, nyumba nzima imeshasaidia: huyu amemwaga ndoo ya maji, yule amesukuma kwa pampu ya mpira, wa tatu ametia dawa ya kuzibulia. Nikifika Tudor au Majengo, hapa Mombasa, na begi langu la spana, natafuta mbali kitu ambacho robo saa nyuma kilikuwa kimetulia shubiri mbili chini ya mkono wake.

Basi kabla ya jambo lolote, funga mfereji wa maji. Funika tundu la sinki kwa sahani, na uwaambie wote waliomo nyumbani wasinawe wala wasioshe kitu hapo. Kama mashine ya kufulia inamwaga maji yake kwenye bomba hilo hilo la sinki, izime nayo. Siku ambazo mifereji yetu imekauka na watu wanaishi kwa mitungi, vitu vingi vimeokoka kwa sababu hiyo tu: hapakuwa na maji ya kuvisukuma.

Chini ya sinki karibu zote kuna bomba lililopinda, au kikopo chenye umbo la chupa, ambacho sisi mafundi tunakiita trapu. Kazi yake ni kushika maji kidogo, kina cha sentimita 5 hadi 7 hivi, ili harufu ya mabomba ya taka isipande ndani ya nyumba. Maji hayo ndiyo yanayokupa nafasi. Dhahabu safi ni nzito mara 19 kuliko maji ya ujazo ule ule. Ya karati 18 ni kama mara 15, na fedha ni mara 10 na kitu. Kitu kizito hivyo kikifika kwenye pindo hushuka chini kikakaa, na maji ya mfereji uliofunguliwa kidogo hupita juu yake. Ili kitoke, lazima maji yakipandishe upande wa pili wa pindo, na hilo linataka nguvu: ndoo iliyomwagwa kwa mkupuo, sinki iliyojaa ikafunguliwa ghafla, au pampu.

Kilichobaki ni kusoma dalili.

Huna hakika kama kimeingia

Usifungue bomba bado. Tafuta kwanza ndani ya donge la unga, ndani ya glavu, kwenye kitambaa cha kupangusia vyombo, kwenye sponji, na chini ya sufuria zilizokuwa zikioshwa. Kipini cha pua kikitoka wakati wa kutia udhu, mara nyingi hunasa kwenye mtandio, kwenye mkunjo wa buibui au kwenye taulo la uso. Kung'uta nguo hizo juu ya shuka jeupe, polepole, moja moja.

Kinaonekana ukimulika tochi

Sinki nyingi zina msalaba wa chuma mdomoni mwa tundu, na pete pana huweza kukaa papo hapo. Usitie kidole wala ncha ya kisu, kwa maana ukikigusa kwa juu unakisukuma. Chukua waya mwembamba, ukunje ncha yake iwe ndoana ndogo, uupitishe pembeni mwa pete mpaka uwe chini yake, ndipo uvute. Mwenzako amulike tochi kwa upande, si kwa juu ya kichwa chako, ili kivuli cha mkono kisikuzibe.

Watu hupenda kuleta sumaku, hasa ile inayotolewa kwenye spika mbovu. Sumaku haishiki dhahabu, fedha, shaba wala shaba nyeupe. Ila mkufu au bangili yenye kifungo cha kubana huwa na springi ndogo ndani, na springi hiyo mara nyingine ni ya chuma cha pua kinachovutwa na sumaku kidogo. Kama kilichopotea ni mkufu, jaribu. Kama ni pete ya ndoa, usipoteze muda.

Beseni la kunawia lina tundu la juu, na kitu kimeingia humo

Tundu lile la kuzuia beseni lisifurike lina njia yake ndani ya kauri, inayoshuka na kuungana na tundu kuu chini kabisa. Pete ikiingia humo hukaa chini ya njia hiyo, kabla ya trapu. Ukifungua trapu tu hutaiona. Itabidi kulegeza nati kubwa inayoshika mdomo wa tundu kuu na kuunyanyua mdomo wenyewe. Hapo muite fundi, kwa sababu kauri ikikazwa vibaya hupasuka.

Umekiona kikiingia, na maji yanapita kama kawaida

Hii ndiyo hali bora kuliko zote, na kazi yake unaweza kuifanya mwenyewe.

Ondoa vyombo vyote chini ya sinki. Weka beseni pana, si ndoo, maana ndoo ni ndefu haiingii vizuri chini ya pindo. Tandika kitambaa cheupe ndani ya beseni. Piga picha ya bomba kwa simu kabla hujagusa chochote, ili ujue baadaye kila kipande kilikaa vipi.

Trapu ya chupa ndiyo rahisi. Shika sehemu ya juu kwa mkono mmoja isizunguke, na kwa mkono wa pili fungua kikopo cha chini. Ukiwa umeinama ukikitazama kutoka chini, kinazungushwa kinyume cha mshale wa saa. Trapu ya bomba lililopinda ina nati mbili: moja juu, chini ya tundu la sinki, na nyingine upande wa bomba linaloelekea ukutani. Zikiwa za plastiki, mkono unatosha. Legeza zote mbili kidogo kidogo kabla hujaitoa moja kabisa, na ushike pindo lenyewe kwa kiganja, kwa sababu nati ya pili ikiachia litaanguka na kumwaga kila kitu.

Kinachotoka huwa si maji safi. Katika jikoni zetu ni chicha za nazi, magamba ya samaki, chembe za wali, na mafuta yaliyoganda yakawa kama sabuni nyeupe. Kitu chako kimo ndani ya uchafu huo. Vaa glavu, upapase kwa vidole polepole. Jicho halitoshi, kwa kuwa dhahabu iliyofunikwa na mafuta haing'ai. Kisha suuza trapu juu ya beseni lile lile, na yale maji yachuje kupitia kitambaa, tone la mwisho.

Nalisisitiza hili la kuchuja kwa sababu nilipokuwa mwanagenzi nilifungua trapu ya mama mmoja, nikachungulia ndani, nikaona uchafu mtupu, nikaenda kumwaga beseni chooni. Nikasikia mlio mdogo wa kitu kigumu kikigonga kauri, na wakati huo maji yalikuwa yameshavutwa. Ilikuwa hereni aliyotunzwa siku ya harusi yake. Mama yule hakunipigia kelele. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akanyamaza, na ule unyamavu ninao mpaka leo. Usimwage kitu chooni. Usimwage kwenye sinki ile ile pia, kwa kuwa haina trapu wakati huo na maji yatakumwagikia miguuni pamoja na ulichokuwa ukikitafuta.

Nati haitaki kufunguka

Mombasa hii, nyumba nyingi zinatumia maji ya kisima yenye chumvi, na trapu za shaba zilizopakwa rangi ya fedha hufanya ukoga mweupe na kutu ya kijani kwenye nati. Ukikaza spana kwa hasira utang'oa bomba ukutani. Loweka kitambaa kwenye siki, ukizungushe nati kwa nje, uache nusu saa. Siki huula ule ukoga. Kisha shika bomba kwa spana moja na nati kwa spana nyingine, ili nguvu zibaki kwenye nati peke yake. Ikikataa mara ya pili, tafuta fundi. Trapu mpya ya plastiki hainunuliwi kwa pesa nyingi, na fundi anaweza kuikata ile kuukuu akiwa ametega beseni chini.

Sinki imeanza kujaa na maji yanashuka polepole

Wengi hufadhaika wakiona hivi. Mimi hufurahi. Kilichoziba bomba mara nyingi kimekishika na kitu chako.

Kosa hapa ni kuzibua. Pampu ya mpira husukuma na kuvuta maji kwa nguvu, na ikifanikiwa, donge lote huondoka kwa pamoja likiwa na pete ndani yake. Chota maji ya sinki kwa kopo uyatie kwenye ndoo, yakibaki machache ndipo ufungue trapu kama nilivyoeleza. Maji yanayotokota pia yaache: huyeyusha mafuta yaliyoshika kitu chako, na hulainisha mabomba ya plastiki hata viungo vikapinda.

Dawa ya kuzibulia ndiyo inayoniudhi kuliko vyote. Ile ya magadi makali haitaila dhahabu, lakini itakaa ndani ya trapu ikimsubiri atakayeifungua, na ikimrukia jichoni inaweza kumpofusha. Ile ya asidi itaharibu lulu na marjani, ambazo zimeumbwa kwa madini yale yale ya chokaa. Dawa ya klorini ya kufulia huifanya fedha kuwa nyeusi na hudhoofisha viungo vya dhahabu iliyochanganywa na madini mengine. Asidi ikikutana na klorini hutoka gesi ya sumu jikoni mwako. Kama tayari kuna aliyetia dawa, usione haya. Mwambie fundi kabla hajainama chini ya sinki.

Hakuna trapu, kuna bomba la kukunja tu

Siku hizi nyumba nyingi za kupanga zimefungwa lile bomba jepesi lenye mikunjo, linalovutika. Kama limepindwa vizuri, linashika maji kama trapu. Kama limenyooka moja kwa moja mpaka ukutani, haliwezi kushika maji, lakini ile mikunjo yake yenyewe hunasa vitu vidogo. Lifungue juu kwanza, uinamishe ncha yake ndani ya beseni, kisha ulivute lirefuke na kuligongagonga kwa nje kwa kidole. Nimewahi kupata kipini kwenye mkunjo wa tatu kutoka juu, kimekaa ubavu.

Umefungua trapu, hamna kitu

Usikate tamaa, na usirudishe trapu bado. Tazama kwanza juu, si mbele. Kile kipande cha bomba kinachoshuka kutoka tundu la sinki hufanya ukingo wa mafuta ndani, na pete huweza kulala hapo. Kwenye beseni la kunawia lenye kizibo cha kunyanyuliwa kwa fimbo, nywele hujisokota kwenye ile fimbo na kushika mikufu. Pitisha kidole au kitambaa kwenye kijiti, kutoka chini kwenda juu.

Baada ya hapo ndipo uangalie bomba linaloingia ukutani. La jikoni kwa kawaida ni la inchi moja na nusu, la beseni la kunawia inchi moja na robo. Mulika ndani. Ukitia waya, uingize kwa kuukwaruza upande wa juu wa bomba, kisha uurudishe ukikwaruza chini. Ukisukuma chini unakipeleka kitu mbali zaidi.

Kama maji mengi yalimwagwa kabla hujajua, au kilichopotea ni chepesi, yawezekana kimepita. Kipini ni cha dhahabu ile ile nzito, lakini chenyewe mara nyingi hakifiki gramu moja, na ndoo ya maji inaweza kukibeba. Hereni bapa na mkufu mwembamba ni hivyo hivyo: maji yanapata pa kuvikamatia.

Lakini kama unakaa chini, si ghorofani, bado una kituo cha pili. Nje, ukutani mwa nyumba, kuna kijishimo chenye kifuniko au wavu kinachopokea maji ya jikoni. Mafundi hukiita gali. Nacho kimejengwa na pindo linaloshika maji, kwa sababu ile ile ya harufu.

Niliitwa Kibokoni kwa bibi mmoja aliyepotewa na kipini akitia udhu wa alasiri. Mjukuu wake, kwa mapenzi tu, alikuwa amemwaga ndoo baada ya ndoo ili kitokee nje. Bibi akaniambia, "Mwanangu, hicho alinitia mama yangu nikiwa kigori." Trapu ilikuwa safi kama iliyooshwa. Nikatoka nje, nikachota maji ya gali kwa kopo, nikatoa tope la chini kwa mkono na kulitandaza kwenye karatasi ya nailoni, tukakaa wawili tukilipekua kwa vijiti vya mshikaki. Kilikuwa kwenye konzi ya nne, kimeshikwa na chicha.

Kama gali ni tupu lakini unashuku kitu kimekwama katikati ya bomba, hapo ndipo maji yanaruhusiwa. Funga wavu mzito au kipande cha chandarua kuukuu kwenye mdomo wa bomba linapoingia gali, ukikaze kwa waya. Mtu akae hapo akiangalia. Trapu ikiwa imerudishwa, mwenzake ndani amwage ndoo moja kwa mkupuo, asubiri, kisha nyingine. Bila wavu, usimwage hata kikombe.

Ghorofani mambo ni mengine. Bomba lako likishapita ukuta huungana na bomba kubwa la jengo zima, na hakuna wavu wa kuwekwa hapo. Maji ya jirani wa juu hayapiti kwenye trapu yako, kwa hivyo wala huna haja ya kumgombeza. Yanayoweza kuisukuma pete iliyomo trapuni ni maji yako mwenyewe. Lakini kikishaingia bomba kubwa, zungumza na msimamizi wa jengo mara moja ili chemba ya chini, lile shimo lenye kifuniko la kukagulia bomba, ifunguliwe na kutegwa wavu kabla watu hawajaanza kuoga jioni.

Kimefika kwenye shimo

Nyumba nyingi za mji huu humwaga maji yake kwenye shimo, si kwenye bomba kuu la taka. Kitu kikishaingia shimoni, kiache. Gesi iliyomo humo huua mtu kwa pumzi chache, na anayeshuka kumwokoa mwenzake hufa naye. Hata anayeinamisha kichwa tu ndani ya mdomo wa shimo anaweza kuzirai akaanguka. Hakuna pete, hata iwe ya nani, inayofaa kushukiwa humo. Shimo likija kunyonywa na lori siku zake, waweza kuomba tope la mwisho limwagwe juu ya wavu kama wenye lori wanakubali, lakini usiweke matumaini yako yote hapo.

Kimepatikana

Kioshe kwenye bakuli, si chini ya mfereji, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, halafu ukisuuze kwa maji safi bakulini. Chenye lulu au marjani kipanguse tu kwa kitambaa kibichi, usikiloweke. Tazama kucha zinazoshika jiwe kama zimepinda, na kama ni kipini, tazama parafujo yake. Mara nyingi hicho ndicho chanzo: parafujo imelika au pete imekuwa pana kwa kidole kilichokonda, na sonara huirekebisha kabla haijavaliwa tena.

Sinki nayo ina dalili zake baada ya kufungwa. Panapovuja kwenye kiungo, kwa kawaida ule mpira wa ndani umekaa kinyume au umekunjwa. Fungua, uuoshe, uurudishe kwa kufuata ile picha uliyopiga. Nati ya plastiki kaza kwa mkono, halafu robo mzunguko zaidi, basi. Ukiikaza kwa spana hupasuka usiku, kila mtu amelala. Panapotoka harufu, trapu haina maji. Mwaga vikombe viwili vya maji, na harufu itakoma.

Mwisho kausha kila kiungo kwa kitambaa, uzungushie karatasi ya chooni, kisha ujaze sinki mpaka nusu na kuifungua kwa mkupuo. Subiri dakika 10. Karatasi ikibaki kavu, rudisha vyombo vyako chini ya sinki.